Mgeni wa Sisimizi

Mteremko ule wa Butihinda haukuwa na kitu cha kumsimamisha mpita njia. Nyasi, mawe, nyasi tena, na vichaka vifupi vyenye harufu ya mrehani ambavyo mbuzi huvila wakikosa kingine. Lakini mvua za kwanza zikishanyesha, ukikaa chini ukatulia, utaona sisimizi wakubwa wekundu wakihangaika mlangoni mwa shimo lao, na katikati yao anatoka mdudu aliyekunjamana, amelowa, anatembea kwa kuyumba kama mlevi aliyetolewa kilabuni. Anapanda ubua wa nyasi na kutulia. Mabawa yanafunguka taratibu, na ndani ni buluu. Kisha anaruka, na sisimizi wanarudi ndani kuendelea na kazi zao.

Jeska alimwita kipepeo huyo "wa chini", kwa sababu baba yake alimwita hivyo. Majirani hawakuwa na jina lake. Kwao kipepeo alikuwa kipepeo, na shamba lilikuwa linawasubiri. Baba yake ndiye aliyekuwa na muda. Mzee yule alikuwa mvivu wa kulima na hodari wa kutazama, jambo lililomtesa mkewe maisha yake yote, na alipenda kuwalaza watoto kifudifudi kwenye nyasi awaonyeshe. Jike hutaga kwenye vitumba vya maua ya kile kichaka cha mrehani, si kwingine. Kiwavi huanguliwa humo, hula ua, hunenepa kidogo. Halafu siku moja hujiangusha chini na kungoja. Sisimizi anapita, anamgusa, analamba tone la utamu mgongoni mwake, na shauri limekwisha. Anambeba kwa taya zake, polepole asimwumize, anampeleka chini kabisa kwenye chumba wanacholelewa watoto. Huko wanamsafisha na kumlinda. Naye anawala watoto wao, mmoja mmoja, karibu mwaka mzima, na wao wanaendelea kumlamba.

"Mbona hawamfukuzi?" Jeska aliuliza alipokuwa mdogo.

"Ananuka kama wao," baba yake alisema. "Wewe ungemfukuza ndugu yako?"

Kaka yake mkubwa, Fabiano, alicheka. Jeska hakucheka. Alikwenda nyumbani akiwa na kinyongo na mdudu asiyemjua, na kinyongo kile hakikumtoka. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, na alikua akawa mwanamke wa namna hiyo: mwema, mchapakazi, lakini jambo likimwingia moyoni linajenga humo.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano wazazi wake walimpeleka Nyarusange, huko Gitega, katikati ya Burundi, kwa Fabiano aliyekuwa mwashi wa nyumba. Mkewe alikuwa mgonjwa, na walihitaji mtu wa kumshika mtoto wao wa kiume, Godfrey, aliyekuwa na miaka mitano na maneno mengi, na aliyewahi kuletwa Butihinda kwa babu yake msimu wa mvua. Jeska alimpenda mtoto yule mpaka akawa analala naye mkeka mmoja. Kisha ukaja ule mwaka wa tisini na tatu, mwaka wa mauaji, na Fabiano akawa miongoni mwa watu waliotafutwa kwa majina. Yeye na mkewe hawakutoka nyumbani wazima. Jeska alitoka, mtoto mkononi, kwa miguu kurudi Muyinga. Kwenye bonde lenye mafunjo watu walitawanywa kwa risasi, kila mmoja akakimbilia kwake, na mkono wa mtoto ukamtoka.

Bonde lile alilikumbuka kila siku. Alikumbuka matope, na jinsi mafunjo yalivyokuwa marefu kuliko watu. Vilivyotangulia bonde vilikuwa vimefutika. Waliotoka kambi za wakimbizi watakuambia hivyo hivyo: kuna mambo unayaona kila ukifumba macho, na kuna mengine yameondoka, wala hujui ni mangapi, kwa kuwa yameondoka. Jeska alivuka na wazazi wake mpaka upande wa Ngara, Tanzania, akakulia kambini, akaolewa kambini, akamzaa Imelda kambini, akawazika huko baba, mama na mume, akarudi Butihinda na binti mmoja na mundu.

Kabla ya kufa baba yake aligawa ardhi aliyokuwa haioni. Shamba la chini lilikuwa la Jeska. Mteremko wa nyasi ulikuwa wa nyumba ya Fabiano. "Utulindie," mzee alisema. "Pengine yule mtoto yuko hai." Jeska aliapa, na ukweli usemwe, alilinda. Hakuweka jembe juu ya mteremko ule hata mwaka wa njaa. Alikata nyasi tu, kila mwaka zikishakauka, akafunga mifagio ya kuuza soko la Muyinga, akaezeka majiko ya watu, akatandikia mbuzi. Zamani baba yake aliuchoma moto, lakini siku hizi kuchoma kumekatazwa, kwa hiyo kazi ya moto ilifanywa na mundu wake. Nyasi zikishakatwa, kile kichaka cha mrehani kilipata jua, kikachipua kutoka kwenye mizizi yake minene na kutoa maua, na wa chini wakapata pa kutaga. Wasingekatiwa nyasi wangekufa. Jeska alilijua hilo na hakulifurahia. Alikuwa anamfugia mdudu ambaye hakumpenda.

Miaka ikaenda. Imelda akaolewa na mtu aliyekwenda kufanya kazi Tanzania na kurudi kwa nadra, akabaki kwa mama yake na wavulana wawili. Shamba la chini lilikuwa dogo. Jeska akaanza kuwatazama wajukuu wake, halafu anautazama mteremko, halafu anageuza macho. Mwanzoni alijisikia mwizi. Baadaye hakujisikia kitu.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, mtu alipanda njia ya kilima akiwa na mfuko mdogo na kofia mkononi. Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na zaidi, mwembamba, vidole vya fundi cherehani. Alimkuta Jeska anafunga mifagio uani, akasimama mbali kidogo kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mama, mi naitwa Juma," alisema kwa Kiswahili cha Gitega kilichochanganyika na Kifaransa. "Natoka Gitega, mu mtaa ya Waswahili. Mais mi sikuzaliwa Juma. Kuna mama moja aliniokota mu njia ya Nyarusange, wakati wa vita, njo alinilea. Mi nakumbuka tu kilima yenye majani, na vipepeo ya bleu inatoka mu udongo. Nimetembea vilima mingi sana, mama. Sasa naona kama iko hapa."

Mfagio ulimponyoka Jeska. Alimtazama yule mtu usoni akimtafuta Fabiano. Alipata masikio, labda, na namna ya kusimama. Alifurahi, na furaha ile ilimtisha, kwa sababu alikuwa amekwisha kumlilia mtoto yule na kuyamaliza machozi yake. Alimpa kigoda, akampa maji, akamwita Imelda apike.

Venansi, mkuu wa kilima, alikuja jioni ile ile. Alikuwa mtu wa taratibu, asiyependa kusukumwa, na kesi za waliorudi zilikuwa zimemzeesha. Alisema mtu huyu atasikilizwa na bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, maharage yakishavunwa. Na mpaka siku hiyo asiulizwe jina la baba yake wala la mama yake, na mtu yeyote, asije akafundishwa majibu. Ndiyo kawaida yao kwa wanaorudi bila karatasi. Akila, ale. Akilala, alale. Maswali yatangoja.

"Na wewe Jeska, usimtajie kitu," alisema.

"Sitamtajia," Jeska alijibu.

Basi Juma akakaa. Alimwita Jeska senge, yaani shangazi, tangu siku ya kwanza, na Jeska hakumkataza wala hakuitika vizuri. Alikuwa mtu mwepesi wa kusaidia. Alifumua nguo kuukuu za watoto akazishona upya kwa mkono, akachota maji, akafundisha wavulana wa Imelda nyimbo za Gitega. Wavulana walimganda. Usiku walitaka kulala upande wake wa mkeka, asubuhi walimkimbilia kabla ya kumwamkia bibi yao. Na alikula. Si kwa ulafi, lakini alikula kama mtu aliyetembea sana.

"Shoga, huyo mgeni wako anakula kama mtu wa kwao," alisema jirani yao Kasilda, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. "Kule ng'ambo ya bonde walimpokea mmoja hivyo hivyo. Mwaka haukwisha, ardhi imeuzwa, na mjomba aliyempokea analala kwa watu."

"Huyu hajaomba ardhi," Jeska alisema.

"Aombe nini? Anasubiri tu."

Hofu ya Jeska haikuja na sababu. Ilikuja yenyewe kwanza, ikakaa, sababu zikaifuata nyuma. Mjukuu mdogo alishikwa na homa, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Mbuzi aliharibu mimba. Chungu cha maharage kilikuwa kikimalizika kabla ya siku yake. Kila nyumba ya Butihinda ilikuwa na homa mwezi ule, na mbuzi huharibu mimba hata pasipo mgeni, lakini Jeska alikwisha kuanza kuweka mambo pamoja. Alikuwa akiamka alfajiri na kusimama mlangoni, anasikiliza Juma na watoto wakipumua kwa pamoja, anajiuliza amemwingiza nani ndani.

Halafu ikawa siku ya mtaro. Kila nyumba ya kilima ilitakiwa kuchimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko juu ya shamba lake, na mtaro wa Jeska ulipita pale mteremko wa nyasi unapoanzia. Juma alichimba, Jeska alitoa udongo. Kulikuwa na jua na upepo mkavu. Jembe la Juma likaingia kwenye uwazi, na bonge kubwa la udongo likabanduka.

Chini yake kulikuwa na nyumba nzima ya sisimizi. Vijia, vyumba, na katika chumba kimoja watoto wao weupe wamelundikwa kama mchele. Sisimizi walikuwa wanawabeba kuwakimbiza gizani. Na katikati alilala mnene mmoja, wa rangi ya maziwa yaliyochacha, asiye na haraka. Watatu walimshika kumvuta, naye hata wakati anavutwa kichwa chake kilikuwa kimezama katika mtoto mmoja, anakula.

Jeska aliinua jembe lake. Juma akamzuia mkono, akachuchumaa.

"Senge, wacha. Angalia," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu chake. "Hii njo ile ya bleu. Iko inakula watoto yao na wao wanaibeba. Mi nilionyeshwa na mzee moja, nafikiri ni babu. Alinilalisha mu majani, tumbo chini, hivi. Akasema hawaifukuze sababu inanuka kama wao."

Hapo mwingine angetupa jembe na kulia kwa furaha. Jeska angeweza kusikia ushahidi katika maneno yale. Alichosikia ni tishio. Aliliona lile dude jeupe, akamwona mtu aliyechuchumaa mbele yake amevaa shati alilomfulia yeye, mkono wake ungali umeushika wa Jeska, na Jeska akauondoa. Amekuja na harufu yetu, aliwaza. Ananiambia mwenyewe, na mimi nasimama namtazama. Baba aliwaonyesha watoto wa kilima kizima. Mtoto yeyote wa jirani angeweza kumhadithia mtu kambini, au sokoni, au kokote walikotupwa watu.

"Funika," alisema. "Tuchimbe."

Tangu siku hiyo aliwalaza wajukuu chumbani kwake.

Bashingantahe walikaa uani kwa Venansi maharage yalipokwisha kuvunwa. Watu walijaa, maana kikao cha namna ile hakikosi watazamaji. Juma aliketi kwenye benchi peke yake, shati limefungwa mpaka kooni. Alijibu alichokijua. Mama yake alimwita mama, jina hakulijua. Nyumba ilikuwa na matofali mengi uani. Kulikuwa na msichana mkubwa aliyelala naye mkeka mmoja, na ndiye huyu senge, aliamini hivyo. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika kidogo kidogo, na Jeska aliona mteremko unaondoka.

"Baba yako aliitwa nani?" Venansi aliuliza.

Juma alinyoosha mgongo. Lilikuwa swali alilolingoja maisha yake yote, na alijibu bila kusita hata kidogo.

"Kasiano."

Venansi alimgeukia Jeska polepole.

"Kaka yangu aliitwa Fabiano," Jeska alisema. "Kila mtu hapa anamjua Fabiano. Kasiano hatujawahi kumsikia katika ukoo wetu."

Alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo wa nyasi mbichi. Ndiyo, alifurahi. Alikuwa na haki ya kufurahi, alidhani.

"Ni Kasiano," Juma alisema tena, kwa sauti ya chini. "Njo jina mi nililinda. Vitu ingine naweza kukosea, mais hiyo hapana."

"Basi wewe ni mtoto wa Kasiano," Venansi alisema, wala hakusema kwa ukali. "Mungu akusaidie umpate. Hapa hayupo."

Asubuhi Jeska alimfungia viazi vitamu katika jani la mgomba, kwa sababu hakuwa mtu wa kumtoa mgeni mikono mitupu. Wavulana walilia, Imelda akawashika. Juma alipokea viazi kwa mikono miwili.

"Asante, senge," alisema.

"Mimi si senge wako."

Juma aliinamisha kichwa kama aliyeambiwa saa. Akashuka njia ile ile aliyopandia, na kwenye barabara hakuna aliyeangalia alikata upande gani.

Jeska hakungoja mwingine aje. Alijua njia moja ya kuifunga ardhi ili mdomo wa mtu usiiguse, na kilima kizima kiliijua: panda mikaratusi. Mti ukishasimama, mwenye mti ndiye mwenye ardhi, na atakayebisha abishane na mizizi. Alimwomba Venansi, Venansi akakubali, kwa kuwa mtoto wa Fabiano hakuonekana na wavulana wa Imelda walikuwa wanakua. Kiangazi chote Jeska aliulima mteremko ule ambao mundu wake peke yake ndio uliowahi kuugusa. Nyasi ziling'oka kirahisi. Vichaka vya mrehani vilikuwa na mizizi minene kama mkono wa mtu mzima, imekwenda chini sana, na aliikata kwa shoka mmoja baada ya mwingine. Nyumba za sisimizi zilipasuka chini ya jembe. Kuku walimfuata nyuma wakiokota vile vyeupe, na walinenepa.

"Sasa umelala vizuri?" Kasilda alimtania.

"Nitalala miti ikishika."

Mvua za kwanza zilipokuja, mteremko ulikuwa udongo mtupu wenye miche ya mikaratusi iliyosimama kwa mistari. Wa chini walitoka hata hivyo. Hawakuwa wengi, ni wale wa mashimo ambayo jembe halikufika. Waliruka chini chini juu ya udongo, wakaenda, wakarudi, wakazunguka pale pale. Majike yalikuwa yanatafuta ua. Siku ya tatu ya mvua Jeska alikuwa anapalilia miche, na mmoja akaja akatua kwenye kitenge chake, kilichokuwa bado kinanuka mrehani kwa mizizi aliyoibeba kufanya kuni. Alikunja mkia, akagusa kitambaa, akahama kidogo, akagusa tena. Jeska alielewa kuwa anatafuta pa kutaga. Alikipiga kitenge kwa mkono, akaenda nyumbani kabla ya saa ya kuacha kazi, na hakumwambia mtu sababu.

Wiki hiyo hiyo simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Mama Jeska? Ni mama ya Juma, wa Gitega," sauti ya mwanamke mzee ilisema kwa mbali. "Namba yako alinipa yeye. Sasa simu yake haipite, tangu…"

Mtandao ukakatika. Jeska aliishika simu ile ikiwa imezimika, na hakupiga. Aliuliza chini chini kuhusu Juma. Mmoja alidhani alimwona upande wa Kobero, anaelekea mpakani. Mwingine alisema yule alikuwa mtu mwingine. Wengine hawakusema kitu, walimtazama tu, na hao ndio waliomnyima raha. Juma alikuwa ameondoka wakati wa kiangazi, na sasa matope yalikuwa yameshika njia zote.

Akamwambia Imelda anapeleka mifagio Gitega. Uongo huo ulikuwa mdogo. Alichotaka ni kumsikia yule mama akisema kwa mdomo wake kwamba Juma ni mtu wa kuzurura, kwamba kwao ni Itaba au Ngozi au popote, kwamba ana tabia ya kujipachika kwenye nyumba za watu. Akishalisikia hilo atarudi kwenye miti yake. Alipanda gari la asubuhi kupitia Karuzi, na mchana alikuwa anauliza mlango kwa mlango katika mtaa wa Waswahili.

Mama mwenyewe aliitwa Kulthumu. Alikuwa kikongwe safi, anashona kofia za kudarizi karibu na dirisha ili apate mwanga. Pembeni kulikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka la maua. Jeska alipojitaja, Kulthumu aliweka sindano chini akamshika mikono yote miwili.

"Donc njo we," alisema. "Njo we senge wake. Alinipigia akasema, mama, nimefika, wamenipokea, kuna watoto wawili hawanibanduke. Nililia, dada. Vraiment nililia. Kaa. Kaa hapa kwa godoro."

Jeska alikaa. Maneno aliyoyaandaa hayakuwa na pa kuanzia.

"Alikuambia jina la baba yake?" aliuliza mwishowe.

Kulthumu alicheka kidogo, kwa huruma. "Ile Kasiano? Yoo. Wakati nilimuokota alikuwa na homa, hasemi kitu. Neno ilikuwa moja tu. Unamuliza, unataka chai? Baba yangu ni Kasiano. Unataka kulala? Baba yangu ni Kasiano. Tulitafuta huyo Kasiano Nyarusange yote, mpaka Itaba. Hakuna. Alafu siku moja, bado iko mudogo, akanambia pole pole mu sikio: hii haiko jina ya kweli. Senge njo alinifundisha mu njia. Alinambia watu wakiuliza niseme Kasiano, na ile ingine nisiiseme, hata mara moja, mpaka yeye mwenyewe arudi kunichukua. Nikamuliza, na ile ingine ni gani? Alikuwa ameisahau."

Jeska alisikia sauti. Ilikuwa sauti ya msichana, yenye pumzi fupi, ndani ya migomba kando ya barabara, na ilikuwa yake. Baba yako nani? Fabiano. Kofi. Baba yako nani? Mtoto analia bila sauti, kamasi zimemjaa. Kasiano. Tena. Kasiano. Tena. Alikuwa amelichukua jina la kwanza lililomjia, jina la mtu aliyesoma naye katekisimu, asiyetafutwa na yeyote, akalipigilia ndani ya mtoto yule mpaka likashika. Na lilishika. Miaka thelathini lilikuwa limeshika, na mtoto alilibeba kilima hadi kilima, akampelekea yeye, mbele ya watu wote, akiwa amenyoosha mgongo.

"Ulimwambia?" aliuliza. "Alipokuwa mkubwa, ulimwambia kwamba si jina la kweli?"

"Nimuambie namna gani?" Kulthumu alisema. "Alikuwa amesahau hata kwamba alinambia. Na ilikuwa kitu moja tu iko nayo ya kwao. Alikuwa anailala nayo. Mi nikajisemea, siku atafika kwao, senge iko pale, atacheka, ataeleza yeye mwenyewe."

Nje mtu alikuwa anauza samaki kwa kuita. Jeska aliitazama cherehani iliyofunikwa. Shuka lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa, na juu yake mtu alikuwa ameweka mkasi na rili za nyuzi, tayari kwa safari.

"Alisema atatuma gari ya kuchukua machine yake," Kulthumu alisema alipoona anakotazama. "Alafu simu ikakufa. Mi nikafikiri ni réseau, ile mtandao ya kule kwenu. Hajambo lakini? Anakula?"

Macho ya kikongwe yalikuwa yamemkazia bila shaka yoyote ndani yake. Jeska alifungua mdomo. Kweli ilikuwa pale, neno fupi tu, na aliihisi inakaa ulimini.

"Hajambo," alisema. "Anakula."

"Al-hamdu lillahi." Kulthumu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainuka polepole kwenda kuweka chai. Mlangoni alisimama, akageuka. "Basi ukirudi, umuambie mama wake anamusalimia. Umuambie asiharakishe. Akae na watu yake kwanza."

Jeska akasema atamwambia.